Nikitaja kazi yangu, wakwe wanashika mikoba

Bi Mshauri,

Pokea salamu kutoka Roysambu, hapa Nairobi. Nimesoma safu yako kwa muda mrefu, mara nyingi nikicheka shida za wenzangu, na sasa zamu yangu imefika.

Mimi ni ajenti wa nyumba. Nina miaka 31. Nawatafutia watu nyumba za kupanga Roysambu, Zimmerman, Mirema na Kahawa West, na siku nyingine nafika Kasarani. Niliingia kazi hii mwaka 2020. Nilikuwa nauza katika duka la vifaa vya ujenzi, corona ikaja, tajiri akatupunguza, nikabaki nyumbani na kafyu. Wakati huo watu walikuwa wanafunga virago kurudi mashambani na vyumba vinabaki vitupu. Keateka, msimamizi wa ploti niliyokuwa nikiishi, akaniambia nikimletea mpangaji atanitoa elfu mbili. Mwezi huo nilileta wanne. Leo nina meza na viti viwili katika kibanda cha M-Pesa cha rafiki yangu, landilodi kumi na mmoja wameniachia funguo zao, na video zangu za nyumba huko TikTok zinatazamwa kuliko za vijana wengi wa huku.

Shida ni hii. Nina mchumba, muuguzi, tumekaa pamoja miaka mitatu. Mwezi uliopita alinipeleka kwao Umoja nijulikane kabla ya wazee wetu kukutana rasmi. Baba yake alishafariki, kwa hiyo anayesimama mahali pa baba ni baba yake mdogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kila mtu humwita Mwalimu, hata mkewe.

Mambo yalianza vizuri. Kuku, chapati, maswali ya kwetu ni wapi na nimezaliwa wa ngapi. Kisha Mwalimu akauliza, "Na wewe kijana, unajishughulisha na nini?" Nikajibu bila kuficha: mimi ni ajenti wa nyumba. Mama wa mchumba wangu alikuwa ananimiminia chai, birika likasimama hewani. Shangazi aliyeketi kando yangu akauvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti akaupakata. Sidhani hata alijua kwamba ameuvuta.

Mwalimu akasema, "Kwa hiyo wewe ni broka." Halafu akatoa hadithi yake. Mwaka 2022 binti yake alipata nafasi chuo kikuu, wakamtafutia bedsita Kahawa. Ajenti akawaonyesha nyumba safi, elfu nane kwa mwezi. Mwalimu akalipa kodi ya kwanza, dipoziti, na pesa ya maji na stima, jumla Sh17,500, zote kwa simu. Jumamosi asubuhi akakodi pikapu, wakapakia godoro, meko, ndoo na sanduku. Walipofika langoni wakakuta pikapu nyingine mbili, kila moja na godoro lake. Familia tatu, mlango mmoja. Na ndani ya nyumba kulikuwa na mpangaji anayekaanga mayai, ambaye hakuwa na habari yoyote ya kuhama. Wakapiga simu: "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Mwalimu akarudi Umoja na godoro lake, binti ameketi kando yake kwenye pikapu akilia.

Alipomaliza akasema, "Haya, kuleni, chakula kinapoa." Hakunisemesha tena mpaka tunaondoka.

Sasa nasikia mama anauliza kama siwezi kutafuta kazi nyingine. Mchumba wangu hajaniacha, lakini anasema siku wazee watakapokutana tusitumie neno ajenti. Tuseme mimi ni "mshauri wa makazi". Binamu yake ameshanichapishia kadi.

Kinachoniuma ni kwamba mimi si mwizi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, ndivyo tunavyofanyiwa. Sijawahi kuchukua dipoziti ya mtu nikatoweka. Mwaka jana mama yangu alilazwa ghafla, nikakopa dipoziti ya mteja iliyokuwa kwenye simu yangu, Sh24,000, nikalipa hospitali, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeshaifikisha kwa landilodi. Mteja hata hakujua. Mwizi angefanya hivyo?

Na pesa ya kuonyeshwa nyumba natoza Sh1,000 kama wenzangu wote. Januari kuna binti alinitukana barabarani kwa sababu alilipa, nikamzungusha nyumba tatu na asipate. Ni kweli ya kwanza ilikuwa imechukuliwa jana yake na hizo mbili zilizidi uwezo wake, lakini mtu ametumia muda wangu na miguu yangu. Nyumba nyingi ninazoshughulikia ni za elfu kumi na mbili hivi, na landilodi hunipa nusu ya kodi ya mwezi mmoja, tena baada ya kumkumbusha mara tano. Wapo wateja ninaowaonyesha nyumba mchana, usiku wanarudi kwa keateka wamalizane naye wenyewe, mimi nisipate hata ndururu. Watu hawaelewi kwamba ajenti naye anakula.

Sasa niambie: nikubali hiyo kadi, niache kazi, au nifanyeje ili watu waache kutuona sisi sote wezi?

Wako,
Mwenye Funguo, Roysambu

N.B. Yule binti wa Mwalimu sasa anatafuta nyumba karibu na Kasarani. Mchumba wangu anasema nimtafutie bure, ubishi utaisha. Unaonaje?

*

Mwenye Funguo, mwanangu,

Nianze na shangazi na mkoba wake, kwa sababu nimemcheka na kumwonea huruma kwa wakati mmoja. Usimkasirikie. Hata mimi ningeuvuta, na mimi ni mtu ninayejipa sifa ya kutohukumu.

Nimepanga nyumba Nairobi tangu ujana wangu. Nimehama mara saba. Zamani nyumba ikiwa tupu walitundika kibao langoni, unamuuliza mlinzi, unamnunulia soda, anakuitia mke wa mwenye nyumba, naye anakutazama viatu kabla ya kukutajia bei. Hakukuwa na mtu wa katikati, isipokuwa huyo wa soda. Kisha mji ukafura. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 hapa Nairobi, na wengi wetu tunaishi katika nyumba za watu. Landilodi wa leo huenda yuko Kiambu, huenda yuko Marekani, na ploti yake ya ghorofa saba ameijua kwa picha zaidi kuliko kwa miguu. Langoni kuna askari aliyeambiwa asifungulie mtu asiyetarajiwa. Binti aliyetoka Kitui jana na begi moja hawezi kugonga kila lango la Mirema. Lazima pawe na mtu wa kushika funguo. Kwa hiyo hapana, kazi usiiache kwa sababu ya chai iliyosimama hewani. Nalisema hili mapema kwa kuwa yanayofuata hayana sukari.

Umenitolea ushahidi wa uaminifu wako, nami nimeusoma mara mbili nikitafuta uaminifu wenyewe.

Unasema ulikopa Sh24,000. Mwanangu, mkopo una watu wawili, anayetoa na anayepokea, na wote wawili wanajua. Huyo mteja wako alikuwa amelala akiamini ana nyumba. Ungekosa hiyo pesa wiki hiyo, angeamka hana nyumba wala dipoziti. Namshukuru Mungu kwamba mama alipona, na sikulaumu kwa kumpenda. Lakini hebu tuseme angelazwa wiki tatu badala ya siku chache. Tuseme landilodi angepiga simu Jumanne kuuliza dipoziti iko wapi. Ungefanya nini? Ungechukua dipoziti ya mteja anayefuata uzibe ya kwanza, sivyo? Na ya tatu uzibe ya pili. Na siku ambayo wa nne hajatokea, ungezima simu "kwa siku mbili tu, nijipange".

Simjui aliyekula pesa ya Mwalimu. Huenda alikuwa tapeli tangu mwanzo. Lakini nimeishi mji huu vya kutosha kujua kwamba pikapu tatu hukutana kwenye lango moja kwa njia mbili: mtu amepanga kuiba, au mtu amekopa kwa mteja asiyejua, halafu hesabu ikamshinda. Kwa anayeshusha godoro, njia hizo mbili zinafanana kabisa. Mwalimu alipokuwa anasimulia, wewe ulijisikia umesingiziwa. Mimi nilitamani ungejisikia umeponea.

Wala si mimi niliyeanza kutaka pesa ya mteja isiguswe. Tuna Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyotungwa mwaka 1984, na wanaotambuliwa nayo wanatakiwa waweke pesa za wateja katika akaunti ya peke yake, isichanganyike na za kwao. Waliotunga sheria walijua kwamba mtu mwema akiwa na pesa ya mwingine mfukoni, na mama yake yuko wodini, wema wake utatafuta neno "kukopa".

Sasa tuje kwa elfu moja ya kuonyeshwa nyumba, kwa maana hapa ndipo naona jina lenu lilipochafukia, kuliko hata kwa matapeli. Matapeli ni wachache na wanakimbia. Elfu moja inalipwa kila siku, mchana kweupe, na mtu asiye mwizi.

Tupige hesabu yako. Nyumba ya elfu kumi na mbili, landilodi anakupa nusu: elfu sita, mara moja, baada ya kukumbushwa mara tano. Tuseme ikikaa tupu wiki moja unaionyesha watu wanane. Kila mmoja elfu moja. Elfu nane, papo hapo, bila kumkumbusha mtu. Unaona kilichotokea? Nyumba tupu inakulipa kuliko nyumba iliyojaa. Mtu asiyepata nyumba ni mteja mzuri kwako kuliko aliyepata, kwa kuwa kesho atarudi na elfu nyingine, au atamwendea mwenzako, na wa mwenzako atakuja kwako. Sisemi uliketi ukapanga hivyo. Nasema mfuko wako umeshajua hata kama kichwa chako hakijakubali. Ndiyo maana ulimpeleka yule binti wa Januari kwenye nyumba iliyokuwa imechukuliwa jana yake. Kama malipo yako yangetegemea yeye kupata nyumba, ungempeleka pale kufanya nini?

Na wewe mwenyewe uliandika "ni kweli", ukaendelea na sentensi kana kwamba umetaja hali ya hewa.

Kutafuta nyumba Nairobi kunavunja watu moyo, na nyinyi maajenti mmesahau kwa sababu kwenu ni kazi ya kila siku. Mtu anaomba ruhusa kazini. Anapanda matatu mbili. Picha ilionyesha dirisha kubwa, anafika anakuta dirisha linatazama ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono. Anaambiwa maji yapo siku zote, "siku zote" maana yake Jumanne na Ijumaa. Ameambiwa ni dakika tano kutoka barabarani, ni kweli, kwa boda. Jioni anarudi amepungukiwa elfu tatu kwa maajenti watatu, na pale alipo sasa notisi inaisha mwisho wa mwezi. Mtu huyo akiitwa kutoa maoni kuhusu maajenti, unataka aseme nini? Hajaibiwa na yeyote kati ya hao watatu. Na bado hatawasamehe.

Najua utasema ukiacha kutoza, watu watakutembeza bure kutwa nzima kama wanaotalii. Hiyo ni hoja na siipuuzi. Basi toza nauli ya boda, kwa kiasi kinachojulikana kabla ya kuondoka. Au toza elfu yako, lakini mwambie mtu waziwazi: nikikupeleka kwenye nyumba ambayo si ile niliyokutangazia, au imeshachukuliwa, pesa yako inarudi hapo hapo kwenye simu, na ukipanga kupitia kwangu, elfu hiyo nitakurudishia kutoka kwenye nusu ya kodi nitakayolipwa na landilodi. Wiki ya kwanza utaumia. Lakini utaanza kupiga simu asubuhi kuhakikisha nyumba bado ipo, jambo ambalo kwa sasa hakuna kinachokusukuma kulifanya.

Kuhusu samaki. Methali ni nzuri, ila wewe si samaki tu katika tenga hili. Tenga lenyewe halina mfuniko. Mtu yeyote mwenye simu yenye kamera na jina la mahali, "Nyumba Safi Kasarani" au kitu kama hicho, leo jioni ni ajenti. Sheria niliyoitaja inasema anayefanya biashara ya kuwakutanisha mwenye nyumba na anayetafuta nyumba ya kununua au kupanga anafanya uajenti, na anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Maajenti, ile inayofupishwa EARB, na awe na cheti cha kufanya kazi kinachotolewa upya kila mwaka. Kufanya bila usajili ni kosa la jinai. Umeniandikia barua ndefu, umetaja meza, viti viwili na TikTok. Cheti hukukitaja. Nimeelewa.

Sikutishi. Najua wengi wa vijana wa Thika Road hawanacho, na najua usajili unadai masomo na sifa ambazo mtu aliyetoka duka la misumari hawezi kuzipata kwa mwezi mmoja. Lakini kuna kampuni zilizosajiliwa, na zinahitaji miguu inayoijua Zimmerman. Una landilodi kumi na mmoja, huo ni mtaji wa kuingia nao mlangoni. Fanya kazi chini ya mtu aliye kwenye orodha ya Bodi, na kwanza uhakikishe jina lake kweli lipo, maana hata huko kuna wanaotundika vyeti vya ukutani visivyojulikana vimetoka wapi. Ukiwa chini yake pesa za wateja zitapita katika akaunti yake, simu yako itapumzika. Wakati huo huo angalia kama unaweza kusoma taratibu mpaka nawe usajiliwe. Ukifika hapo, ukikosea kuna mahali pa kukushtaki, na hilo ndilo litakalokutofautisha na aliyezima simu. Kwa sasa Mwalimu hana namna yoyote ya kukutofautisha naye isipokuwa kukuamini usoni, na uso wa yule mwingine nao ulikuwa mzuri.

Malalamiko yako mengine nakupa bila kubishana. Wateja wanaorudi usiku kwa keateka wanakula jasho lako, na wengi wao ndio wa kwanza kusema maajenti hawana utu. Landilodi wanaokutumia kama ngao nao nawajua: dipoziti ikikataliwa kurudishwa kwa kisingizio cha rangi ya ukuta, ajenti ndiye anayetukanwa, mwenye nyumba yuko salama. Dawa ya hayo mawili ni karatasi. Kila landilodi akuandikie kwamba umepewa nyumba fulani uitafutie mpangaji, malipo yako ni kiasi gani na yanalipwa lini. Asiyetaka kuandika, mrudishie funguo zake.

Kadi ya "mshauri wa makazi" itumie kuwashia jiko. Siku ya wazee mtu atauliza maana yake, utaeleza, na mwisho wa maelezo kutakuwa na neno ajenti limekaa linawasubiri. Hapo utakuwa na makosa mawili badala ya moja. Tena Mwalimu alishasikia. Ulimjibu bila kuficha, na katika barua yako yote hilo ndilo jambo ninalokupongeza bila "lakini".

Sasa Mwalimu mwenyewe. Kilichomuuma si Sh17,500, ingawa kwa mwalimu mstaafu hiyo si pesa ya kuchezea. Mtu huyu amesimama mbele ya madarasa maisha yake yote akiwaambia watoto wa wengine wasome ili wasidanganywe. Halafu akadanganywa mbele ya mtoto wake mwenyewe, siku ambayo alipaswa kuwa shujaa wake, godoro likiwa juu ya pikapu na watu wa mtaa wakitazama. Ukimwendea na "si sote tuko hivyo" unamwambia kwamba alichagua vibaya. Ndiyo, alichagua vibaya, anajua, amejiambia hivyo kila usiku tangu 2022.

Nenda kwake peke yako, bila mchumba, bila zawadi kubwa. Jioni ya siku ya kazi, si Jumapili ambapo kuna watu. Mwombe akusimulie tena, na safari hii usijitetee hata kwa macho. Muulize maswali ambayo ajenti pekee anaweza kuuliza: nyumba ilikuwa barabara gani, nani aliwafungulia mlango siku ya kuonyeshwa, keateka alikuwepo? Kwa maana mtu hawezi kuwaingiza watu watatu katika nyumba yenye mpangaji bila mtu wa ndani kumpa nafasi, na hilo pengine Mwalimu hajawahi kulifikiria. Amekuwa akijilaumu peke yake. Muulize kama bado ana ule ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe una jina na nambari, na laini husajiliwa kwa kitambulisho. Kupata pesa kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinaweza kufika miaka mitatu. Kama hakuwahi kuripoti, na sidhani aliwahi, kwa sababu ya aibu, jitolee kuandamana naye kituoni apate nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Akipatikana mtu huyo, hata ile Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, bila kulazimu wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa katika siku 60. Huenda Mwalimu akakataa yote hayo na kukuambia yamepita. Sawa. Usimsukume. Na usithubutu kumlipa wewe hiyo Sh17,500. Utakuwa umesaini kwamba mlikuwa pamoja.

Kabla ya kwenda Umoja, mketishe mchumba wako umwambie habari ya Sh24,000. Yote, hata siku ulizokuwa huna uhakika. Yeye ni muuguzi, ameona watu wakiuza ng'ombe na kukopa vikundi kulipa wodi, atakuelewa kuliko unavyodhani. Asipokuelewa, ni bora asikuelewe sasa kuliko baada ya mahari.

Na yule binti wa Januari, mtumie elfu yake leo. Usimwandikie insha. "Nyumba ya kwanza ilikuwa imeshachukuliwa, samahani, pesa yako hii." Nambari yake unayo. Ajenti hafuti nambari.

Nimebaki na swali lako la chini, la kumtafutia binti wa Mwalimu nyumba ya bure. Usijipeleke. Ukijipeleka utaonekana unanunua baraka, na Mwalimu si mtu wa kununuliwa kwa chumba kimoja Kasarani. Subiri wakuombe wenyewe, hata ikichukua miezi. Wakikuomba, isiwe bure: landilodi akulipe nusu yako kama anavyokulipa kwa mpangaji yeyote, na umwambie Mwalimu ni kiasi gani. Binti aione nyumba mara mbili, mara moja mchana na mara moja usiku, afungue bomba kwa mkono wake. Aliyemo awe amehama na ufunguo uwe umejaribiwa mlangoni kabla shilingi haijatoka. Dipoziti itoke kwa Mwalimu iende kwa mwenye nyumba moja kwa moja, risiti iandikwe, simu yako isiiguse kabisa. Na siku ya kuhama, Jumamosi hiyo, uwe umesimama langoni kabla pikapu haijakata kona.